Barua ya Februari, kiti cha Novemba: jinsi uchaguzi wa jaji ulivyoyeyuka Georgia

Tarehe 26 Februari 2020, Jaji Keith Blackwell wa Mahakama ya Juu ya jimbo la Georgia, Marekani, alimwandikia Gavana Brian Kemp barua ya kujiuzulu. Hakuwa anaondoka kesho yake. Barua ilisema atakiacha kiti tarehe 18 Novemba mwaka huohuo, siku 43 kabla ya muhula wake wa miaka 6 kumalizika wenyewe tarehe 31 Desemba. Gavana akaikubali barua. Tarehe 2 Machi dirisha la wagombea kujisajili likafunguliwa, na waliofika kugombea kiti cha Blackwell wakaambiwa kuwa kiti hicho hakina uchaguzi.

Kabla ya barua ile, kiti kilikuwa kwenye ratiba ya kura ya tarehe 19 Mei. Baada yake, kikawa mali ya gavana. Siku 43 ziliamua nani anapewa nafasi ya kumchagua jaji wa mahakama ya juu kabisa ya jimbo: wapiga kura, au mtu mmoja ofisini.

Msomaji aliyezoea utaratibu wa Kenya au Tanzania anahitaji kubadili mawazo kidogo hapa. Kwetu jaji hapigiwi kura. Nairobi, Tume ya Huduma za Mahakama inatangaza nafasi, inahoji waombaji, na rais anateua. Jaji anakaa hadi atimize miaka 70, au astaafu mapema akitaka. Nani anajaza nafasi hakutegemei jaji ameondoka tarehe ngapi. Georgia mambo ni mengine, kwa sababu katiba yake ina milango miwili ya kuingilia mahakamani, na jaji anayeondoka ndiye mwenye ufunguo.

Mlango wa kwanza ni kura. Katiba ya Georgia ya 1983, Ibara ya VI, sehemu ya VII, inasema majaji wa Mahakama ya Juu wachaguliwe na wananchi wa jimbo zima bila vyama, kwa muhula wa miaka 6 unaoanza tarehe 1 Januari baada ya uchaguzi. Upigaji kura wenyewe hufanyika Mei ya miaka inayogawanyika kwa 2, siku moja na kura za mchujo za vyama. Mgombea lazima awe amekuwa wakili kwa angalau miaka 7. Analipa ada ya asilimia 3 ya mshahara wa mwaka wa kiti anachokitaka, na hagombei ujaji kwa ujumla: anataja kiti cha nani anakitaka. Jambo hili la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Ukikosea kiti, au kiti ulichokitaja kikitoweka, siku chache za usajili zinapita na huna pa kwenda.

Mlango wa pili ni uteuzi. Sehemu hiyohiyo ya katiba inasema nafasi ikiwa wazi, gavana anateua. Hakuna Seneti ya kuthibitisha. Ipo tume ya kupendekeza majaji, lakini haimo kwenye katiba. Imeundwa kwa amri ya gavana, kila gavana huiunda upya na kuipanga apendavyo, na orodha yake haimfungi. Kisha kuna kifungu cha muda wa mteule: atakaa hadi tarehe 1 Januari ya mwaka unaofuata uchaguzi mkuu ujao utakaofanyika zaidi ya miezi 6 baada ya kuteuliwa kwake. Kwa kuwa uchaguzi wa majaji ni Mei ya kila mwaka wa pili, hesabu inakuwa hivi: aliyeteuliwa wakati wowote kuanzia mwishoni mwa Novemba 2019 hadi karibu mwishoni mwa Novemba 2021 hakabili mpiga kura mpaka Mei 2022, na kiti ni chake hadi tarehe 1 Januari 2023 hata akishindwa.

Atakapofika mbele ya mpiga kura, karatasi ya kura itaandikwa pembeni mwa jina lake kwamba yeye ndiye aliye madarakani. Wapinzani wake hawana alama yoyote, wala chama cha kumwongoza mpiga kura asiyewajua. Jaji wa mwisho wa Mahakama ya Juu ya Georgia kushindwa akiwa kitini alishindwa mwaka 1922. Kwa hiyo thamani ya uteuzi haiishii kwenye miaka miwili ya kwanza.

Matokeo yake yanaonekana ukihesabu waliokuwa kitini siku Blackwell alipoandika barua. Kati ya majaji 9, 8 waliingia mahakamani hapo kwa kuteuliwa na gavana fulani, Blackwell mwenyewe akiwa mmoja wao: Nathan Deal alimteua 2012, akachaguliwa 2014. Aliyeingia kwa kura ni John Ellington peke yake. Aliweza kwa sababu Jaji Carol Hunstein aliamua kutogombea tena 2018 na akakaa mpaka siku ya mwisho ya muhula wake, kiti kikabaki wazi kwa wapiga kura. Na hata hapo alijitokeza mgombea mmoja tu, Ellington.

Tofauti kati ya Hunstein na Blackwell ndiyo kiini cha kisa. Wote wawili waliondoka muhula ukiwa unaisha. Hunstein hakurudisha fomu, basi. Angefanya vivyo hivyo Blackwell, uchaguzi wa Mei 2020 ungeendelea na mshindi angeapishwa Januari 2021. Kwa kujiuzulu wiki sita kabla ya mwisho, alihama mlango mmoja hadi mwingine. Sheria haikumtaka atoe sababu ya kuchagua tarehe ile, na wala haimtaki jaji yeyote.

Kulikuwa na kiti kingine kilichotoka kwenye kura mwaka huohuo bila kelele. Jaji Robert Benham, mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama hiyo, aliyekuwemo tangu 1989, alistaafu tarehe 1 Machi 2020, siku moja kabla ya usajili kufunguliwa. Muhula wake nao ulikuwa unaisha Desemba. Lakini siku wagombea walipoanza kufika, kiti chake kilikuwa kitupu kweli, hakuna aliyekikalia, na mamlaka ya gavana hayakuwa na utata. Kemp alimteua Carla Wong McMillian tarehe 27 Machi. Viti 4 vilivyokuwa viende kwa wapiga kura 2020 vikabaki 2.

Cha Blackwell kilileta kesi kwa sababu mwenye kiti alikuwa bado amekaa. Waliokwenda mahakamani walikuwa wawili, na hawakuwa wa kambi moja. John Barrow alikuwa mbunge wa zamani wa Democratic katika Bunge la Marekani. Beth Beskin alikuwa mbunge wa zamani wa Republican katika bunge la jimbo. Mshtakiwa alikuwa Brad Raffensperger, Katibu wa Jimbo, ambaye ndiye msimamizi wa uchaguzi. Barrow na Raffensperger walikuwa wanajuana vizuri: Desemba 2018 walipambana katika duru ya pili ya kuwania ofisi hiyohiyo ya Katibu wa Jimbo, Barrow akashindwa.

Waliomba amri ya mandamus, ile inayomlazimisha ofisa wa umma kutekeleza wajibu ambao sheria imemwekea wazi. Hoja yao ilikuwa fupi. Katiba inamruhusu gavana kuteua pale penye nafasi wazi. Blackwell yuko ofisini, anasikiliza kesi, anaandika hukumu, anapokea mshahara. Nafasi iko wazi wapi?

Ili kulielewa jibu la serikali, itenganishe barua ya kujiuzulu katika tarehe zake tatu: ilipowasilishwa, ilipokubaliwa, na itakapoanza kufanya kazi. Mara nyingi tarehe hizi hukaribiana kiasi kwamba hakuna anayezitofautisha. Hapa kati ya ya pili na ya tatu kulikuwa na karibu miezi 9. Sheria ya Georgia, kifungu 45-5-1, inaorodhesha mambo yanayoifanya ofisi iwe wazi, na mojawapo ni kujiuzulu kunapokubaliwa. Serikali ikashika neno hilo: barua imekubaliwa Februari, kwa hiyo ofisi iko wazi tangu Februari, na uchaguzi hauna tena kazi. Katikati ya Machi, Mahakama Kuu ya Kaunti ya Fulton ilikubaliana na serikali na kutupa maombi.

Hoja hiyo ina tundu kubwa. Kama ofisi ilikuwa wazi tangu Februari, hukumu alizoshiriki Blackwell Machi, Aprili na Mei zina nguvu gani? Na kama gavana alikuwa na mamlaka ya kuteua tangu Februari, je, angeweza kumwapisha mtu wa pili kwenye kiti kilichokaliwa? Hakuna aliyetaka kuyajibu maswali hayo.

Rufaa ilikwenda Mahakama ya Juu yenyewe, yaani kwa wenzake Blackwell. Yeye hakukaa. Wengine kadhaa wakajitoa, na majaji wa mahakama za chini wakaitwa kukaa badala yao kwa ajili ya kesi hiyo. Hukumu ilitoka tarehe 14 Mei 2020 kwa kura 6 dhidi ya 2. Kwa sababu ya korona, upigaji kura ulikuwa umesogezwa kutoka tarehe 19 Mei hadi tarehe 9 Juni, na karatasi za kura za posta zilikuwa zimeshaanza kutumwa bila kiti hicho.

Hukumu ya walio wengi, iliyoandikwa na Jaji David Nahmias, ni ya kusomwa polepole, kwa kuwa nusu yake ya kwanza inawapa walalamikaji haki na nusu ya pili inawanyang'anya. Kwanza ilisema mahakama ya Fulton ilikosea. Ofisi huwa wazi pale tu inapokuwa haina mtu. Blackwell yumo ofisini, kwa hiyo hakuna nafasi wazi, na mamlaka ya gavana ya kuteua bado hayajazaliwa. Ukiishia hapo utadhani Barrow ameshinda.

Kisha ikaja hatua ya pili. Kujiuzulu kukishakubaliwa hakurudi nyuma, kwa hiyo tarehe 18 Novemba nafasi itakuwa wazi bila shaka yoyote. Na Georgia, muhula wa jaji hausimami peke yake kwenye kalenda ukisubiri mtu wa kuumalizia. Jaji akiondoka, muhula unaondoka naye. Mteule wa gavana haji kumalizia siku 43 zilizobaki. Anaanza muhula wake mpya, ule wa muda uliowekwa na katiba. Basi muhula wa miaka 6 ambao ungeanza tarehe 1 Januari 2021, ule ambao kura ya Mei ingeujaza, hautakuwepo kamwe. Na mahakama haiwezi kumlazimisha Katibu wa Jimbo aendeshe uchaguzi wa muhula ambao hautakuwepo.

Kwa maandishi ya katiba, hoja hiyo inasimama. Kifungu cha muda wa mteule kinaanza kuhesabu kuanzia siku ya uteuzi, na hakisemi popote kwamba mteule anamalizia kipindi cha aliyemtangulia, kama zinavyosema katiba za majimbo mengine. Ukiisoma sentensi kwa sentensi, ni vigumu kuona Nahmias alipoteleza.

Ugumu uko kwenye kinachofuata mantiki hiyo ukiivuta hadi mwisho. Chukua jaji aliyegombea Mei na kushindwa. Anao muda hadi tarehe 31 Desemba. Akijiuzulu Desemba mosi, muhula wake unaondoka naye, muhula wa aliyemshinda hauanzi, na gavana anateua. Anaweza hata kumteua mtu mwingine kabisa. Kura zimeshahesabiwa, mshindi ametangazwa, na ushindi wake umekuwa wa kiti ambacho hakipo. Kinachozuia hilo ni aibu ya siasa. Katika maandishi ya sheria hakuna kizuizi kilicho wazi. Katiba inayosema kwanza kabisa kwamba majaji wachaguliwe na wananchi haikupaswa kusomwa kwa namna inayompa jaji anayeondoka turufu ya kuufuta uchaguzi. Njia nyingine ilikuwepo: kuendesha uchaguzi uliokwisha kupangwa, na kumwachia gavana ateue mtu wa kujaza pengo la Novemba na Desemba tu.

Kilichotokea baadaye kinaikoleza hoja hii. Blackwell aliondoka tarehe 18 Novemba kama alivyoahidi na kurudi kwenye uwakili. Mwanzoni mwa Desemba Kemp alimtangaza Shawn Ellen LaGrua, jaji wa Mahakama Kuu ya Kaunti ya Fulton, na akaapishwa tarehe 7 Januari 2021. Tazama tarehe hiyo. Jaji wa kuchaguliwa angeanza kazi tarehe 1 Januari. Nafasi iliyofuta uchaguzi ilikaa tupu siku zote 43 za muhula wa zamani, na ikajazwa wiki moja baada ya siku ambayo aliyechaguliwa angekuwa ameshaapa. Mei 2022 LaGrua alisimama bila mpinzani na kupata muhula kamili unaokwenda hadi mwisho wa 2028.

Kwa anayetaka kugombea kiti cha namna hii, funzo la kiutendaji ni la kalenda. Usiandae kampeni juu ya kiti kimoja kabla usajili haujafungwa, kwa sababu mwenye kiti anaweza kukiondoa siku yoyote. Beskin alilielewa hilo upesi: alipokataliwa kiti cha Blackwell, alijisajili ndani ya dirisha lilelile kugombea kiti cha Charlie Bethel, mteule wa Deal wa 2018. Alishindwa kwa tofauti ndogo, matokeo ya kushangaza kwa mashindano dhidi ya jaji aliye kitini. Barrow hakuhamia kiti kingine, na mwaka huo ukampita.

Majimbo mengine yamejenga uzio wao, kila moja na tundu lake. Missouri iliacha kura za ushindani kwa Mahakama yake ya Juu mwaka 1940. Nafasi ikiwa wazi, tume ya watu 7 (mawakili 3, raia 3 walioteuliwa na gavana, na jaji mmoja wa Mahakama ya Juu) inampa gavana majina 3. Ana siku 60 za kuchagua moja, na akikaa kimya tume inachagua yenyewe. Jaji mpya akishakaa angalau miezi 12, wananchi wanaulizwa katika uchaguzi mkuu unaofuata kama abaki au aondoke, bila mpinzani. Tarehe ya kujiuzulu haihamishi mamlaka kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, kwa kuwa mlango ni mmoja.

Wisconsin ni kinyume, na inafanana na Georgia kwa njia ya ajabu. Huko gavana anateua kwa muda tu hadi uchaguzi, lakini katiba inaruhusu jaji mmoja tu wa Mahakama ya Juu achaguliwe kila mwaka, na kura hupigwa Aprili. David Prosser alipostaafu Julai 2016, Gavana Scott Walker alimteua Daniel Kelly. Aprili 2017, 2018 na 2019 zilikuwa tayari na viti vingine, kwa hiyo Kelly hakumwona mpiga kura hadi Aprili 2020, karibu miaka 4 baadaye. Hapo Jill Karofsky alimshinda. Prosser hakuhitaji hila ya siku 43. Foleni ya uchaguzi ilitosha.

Tofauti hizi ndizo zinazowapoteza waandishi wa habari, hasa wa nje ya Marekani, wanapoandika kwamba gavana "atateua jaji mpya" kana kwamba majimbo 50 yana kanuni moja. Anayetaka kujua kiti kitajazwaje atafute majibu machache kwenye katiba ya jimbo lenyewe: kuondoka kunaanza siku gani, mteule anamalizia muhula au anaanza wake, kuna miezi mingapi ya chini kati ya uteuzi na kura, na kuna nani wa kumzuia gavana. Georgia jibu la swali la mwisho ni hakuna.

Nahmias, mwandishi wa hukumu ile, akawa Jaji Mkuu wa Georgia Julai 2021. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2022, naye alijiuzulu katikati ya muhula. Kemp akamteua Andrew Pinson kushika kiti hicho, na kwa hesabu ileile ya miezi 6, Pinson alitakiwa kukabili wapiga kura Mei 2024. Aliyejitokeza kumpinga alikuwa John Barrow. Safari hii kiti kilikuwepo, usajili ulipokelewa, na Barrow akafanya kampeni juu ya haki ya kutoa mimba, mpaka tume ya nidhamu ya majaji ikamtumia onyo kuhusu kauli zake. Pinson alishinda kwa takriban asilimia 55, na muhula wake unakwenda hadi mwisho wa 2030, isipokuwa kama ataandika barua kabla ya hapo.